Mafua ya Nasimiyu

Wenzangu mliobaki kliniki mliniomba niandike kitu kabla sijasahau. Sijui kama mlisema kwa adabu tu, kama mgeni anayeaga anavyoambiwa akae kidogo, lakini mimi nimekaa. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja kwa barua na havikunifundisha lolote. Nitaandika juu ya pua. Miaka thelathini na kitu nimetazama ndani ya pua za watu, kwanza Kawangware halafu Kibera, na kama kuna kiungo kinachodharauliwa kuliko pua bado sijakiona. Mtu akiumwa moyo, ukoo mzima unakuja. Akiumwa pua, anaambiwa apenge.

Nilizaliwa Kitui, nikasomea utabibu, nikawa yule mtu ambaye si daktari kamili lakini ndiye mgonjwa wa mtaani anayemkuta. Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ndogo ya Kawangware, karibu na stendi ya matatu ya 46, vyumba vitatu vya mabati, kimoja dirisha lake likitazama bucha. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Ndolo, mtu wa Machakos, mrefu, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi wa kushonea viatu. Ndiye aliyekuwa mjuzi wa masikio, pua na koo, na alikuwa ameomba msaidizi kwa miaka mingi. Aliponiona nadhani alitarajia mtu mnene kidogo. Alinitazama, akasema, "Haya, tutafanya na huyu."

Siku ya kwanza hakunipa mgonjwa. Alinikalisha kwenye kiti cha mgonjwa, akaniambia nijibonyeze mwenyewe usoni: juu ya nyusi, kati ya macho, kwenye mashavu, chini ya macho. Nibonyeze taratibu, halafu kwa nguvu. Kisha niiname mpaka kichwa kiguse magoti, nikae hivyo. Nilijiona mjinga. Alisema kila mgonjwa nitakayembonyeza atajisikia mjinga vilevile, na afadhali nijue.

Vifaa vyake vilikuwa vichache na alivipenda kuliko watu wengi. Kulikuwa na kioo cha duara chenye tundu katikati, cha kufunga kichwani, alichokihifadhi ndani ya soksi safi. Kulikuwa na chombo cha chuma cha kupanulia tundu la pua, na vioo vidogo vya koo vyenye mpini mrefu. Hivi alivipasha moto juu ya taa ya spiriti ili visipate ukungu wa pumzi, kisha akavijaribu nyuma ya kiganja chake kabla ya kuvitia mdomoni mwa mtu. Mgonjwa ukimchoma ulimi mara moja, aliniambia, hatafungua mdomo tena hata kanisani. Siku hizi mna kamera nyembamba kama kamba ya kiatu. Ni nzuri. Lakini jaribuni chochote kwenye ngozi yenu kwanza.

Kutoka kwake nilijifunza kutowaamini wagonjwa wanapoyapa magonjwa yao majina. Nairobi kila mwenye kichwa kinachouma ana "sainasi," yaani uvimbe wa vishimo vya hewa vya usoni. Askari mmoja wa usiku kutoka Riruta alikuja kwetu na sainasi ya miaka mitatu. Upande mmoja tu, usaha unaonuka, na alikuwa amemeza vidonge vya kila rangi. Bwana Ndolo hakugusa pua yake. Alichukua mpini wa kioo akamgonga meno ya juu, moja moja, na kwenye gego moja yule bwana alinyanyuka kitini. Mzizi wa jino lililooza ulikuwa umefika kwenye shimo la hewa lililo ndani ya shavu. Jino liling'olewa, na pua ikapona bila dawa. Na mtoto akinuka tundu moja la pua, msiandike dawa kabla hamjatafuta humo ndani harage, au sifongo ya godoro. Mara tisa katika kumi mtakuta kitu, na mama atawaapia kwamba mtoto wake hana tabia hiyo.

Jambo kubwa alilonifundisha ni kungoja. Mafua ya kawaida hufanya uso kuwa mzito, makamasi hugeuka ya manjano hata ya kijani, na mgonjwa hulia kwamba anakufa. Hafi. Wengi wanapona wenyewe ndani ya siku kumi, kwa maji ya chumvi puani, kitu cha kutuliza maumivu na subira. Ukiwapa antibiotiki wote, unawafundisha wadudu kupigana. Kwa hiyo unamwambia mgonjwa arudi kama siku kumi zikipita bila nafuu. Arudi pia kama akipata nafuu halafu hali igeuke na kuwa mbaya kuliko mwanzo. Na asingoje hata saa moja kama jicho likivimba, akiona vitu viwili-viwili, au kichwa kikimuuma kwa namna ambayo hajawahi kuijua. Nilikariri maneno hayo kama sala. Nimeyasema maelfu ya mara. Yalikuwa kweli wakati ule na ni kweli leo, na ni lazima mlijue hilo mnaposoma yanayofuata.

Bwana Ndolo alistaafu akarudi Machakos, nami nikahamishiwa kliniki ya Makina, Kibera, si mbali na msikiti. Nyumbani kulibaki Kawangware, pamoja na watoto wangu wawili, na kila asubuhi nilivuka Ngong Road kwenda kazini. Makina nilikuta pua za kila aina ya moshi. Wanawake wanaokaanga samaki, wazee waliozeeka na jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, mafundi wa mbao. Mmoja wa mafundi hao alikuwa Barasa.

Barasa alikuwa mtu wa Bungoma, mtengenezaji wa vitanda na makabati, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu madogo. Kila kiangazi alinijia na pua iliyoziba kwa vumbi la mbao, na kila kiangazi nilimwambia afunge kitambaa puani akipiga msasa, naye aliitikia vizuri na hakufunga. Mkewe alikuwa kijijini na watoto wadogo, akilima. Yeye aliishi Kibera na binti yake mkubwa, Nasimiyu, aliyekuwa kidato cha pili.

Huyu msichana alipenda kuja na baba yake kliniki. Si kwamba aliumwa. Alikuja kusoma mabango yetu ukutani, na kila aliposoma alikuta kosa. Siku moja alinionyesha kwamba tumeandika "ongonjwa" badala ya "ugonjwa", na kwamba bango limekaa hapo mwaka mzima. Nikampa kalamu asahihishe mwenyewe. Alipanda kwenye benchi akasahihisha, kisha akashuka na kunitazama kama mwalimu mkuu aliyekuta darasa halijafagiliwa. Baba yake aliona haya. Mimi nilicheka siku nzima.

Wiki moja kabla ya Krismasi ya mwaka ule wa uchaguzi, 2007, Barasa alimleta yeye. Alikuwa na mafua ya siku nne, pua imeziba, paji la uso zito. Homa hakuwa nayo. Nilimbonyeza, nikamwinamisha, nikamtazama kwa tochi. Utando wa ndani ulikuwa umevimba, mwekundu, makamasi mepesi ya manjano. Mafua. Nilimwambia kwamba hahitaji antibiotiki, nikampa vidonge vya maumivu, nikamwonyesha namna ya kuchanganya maji ya chumvi. Nikasema maneno yangu yote: siku kumi, nafuu inayogeuka, jicho. Aliyaandika kwenye kijitabu chake cha matibabu kwa mwandiko wake mwenyewe, maana alisema wangu hausomeki. Barasa alinitakia Krismasi njema, na kura njema. Watu walikuwa wakisema hivyo siku zile, kura njema.

Krismasi alikuwa amepona. Baadaye baba yake aliniambia kwamba alipika chapati siku hiyo na kuimba.

Yaliyofuata baada ya matokeo ya kura kutangazwa mnayajua, au wazazi wenu wanayajua na hawapendi kuyasimulia. Kutoka nyumbani Kawangware niliona moshi upande wa Kibera, halafu moshi ukawa upande wetu pia. Jirani waliokopeshana chumvi miaka kumi walianza kuulizana majina ya pili, ili kujua kabila. Familia moja ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga iliondoka na godoro na jiko tu, na mama wa nyumba hiyo alinipa ufunguo bila kusema niufanyie nini. Maduka yalifungwa. Kliniki ilifungwa. Kadi za salio la simu zilikwisha mtaani, ikawa mtu ana simu mkononi na hawezi kumwita yeyote.

Siku ileile ya matokeo Nasimiyu aliamka na homa. Kichwa kilimuuma mbele, juu ya jicho la kulia. Alimwambia baba yake kwamba hii ndiyo ile nafuu iliyogeuka, akamwonyesha kwenye kijitabu. Kesho yake Barasa alikwenda kliniki akakuta kufuli. Alizunguka kutafuta duka la dawa. Moja lilikuwa limechomwa, jingine lina mabati matupu. Siku iliyofuata alimbeba mgongoni mpaka kizuizi cha kwanza cha barabarani, akarudishwa na mawe. Siku ya nne jirani mmoja wa Makina alimpa salio la simu, naye akanipigia. Nilikuwa naosha vyombo.

Alisema, "Daktari, mtoto ameamka na jicho imefura. Imefunga kabisa."

Nilimuuliza ni jicho gani. La kulia. Nikamuuliza akilifungua kwa vidole anaona. Alisema anaona, lakini anasema anaona baba wawili. Nikamuuliza kama ametapika. Tangu asubuhi, akasema. Nikauliza kama anaweza kuinamisha kidevu kifike kifuani. Nilimsikia akimuuliza kwa Kibukusu, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini kabisa, halafu akarudi kwenye simu.

"Anasema shingo inakataa."

Nilimwambia anatakiwa hospitali kuu sasa hivi, si kesho.  Akaniuliza, bila ukali, ni njia gani apitie.  Nikamwambia nakuja mimi.

Sitawadanganya. Siku hiyo sikufika. Niliwaacha watoto kwa jirani, nikatembea mpaka karibu na Ngong Road. Matairi yalikuwa yakiwaka, watu walikuja wakikimbia kuelekea kwangu, halafu hewa ikageuka kwa gesi ya machozi ya polisi, na macho na pua vikaanza kunitiririka kama bomba. Niliingia kwenye ua wa kanisa, nikakaa chini ukutani na wanawake wengine pengine saa nzima, tukilowesha leso kwenye ndoo moja. Niliposimama miguu ilinipeleka nyumbani. Nilikuwa na watoto wawili wasio na baba. Watu wote niliowaambia walisema nilifanya vema kurudi. Sijawahi kuwabishia, wala kukubaliana nao.

Asubuhi iliyofuata nilivaa koti jeupe tangu mlangoni, nikatoka mapema. Kizuizi kilikuwa cha mawe na kibanda cha mahindi kilichopinduliwa. Kijana mmoja mwenye rungu aliniomba kitambulisho. Alilisoma jina kwa muda mrefu sana. Nikamwambia naenda kumwona mgonjwa Makina. Mwingine aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akasema, "Huyo ni daktari wa mapua. Wachana naye." Kwa miaka mingi nilikuwa nimechukia jina hilo.

Nilifungua kliniki kwa funguo zangu, nikachukua dawa ya sindano na maji ya mshipani, nikaenda kwa Barasa. Chumba kilikuwa nyuma ya karakana yake. Nasimiyu alikuwa amelala ukutani, uso ameufunika kwa leso kwa sababu mwanga ulimuumiza. Nilipoifunua niliona kope la kulia limevimba, jekundu linalong'aa, jicho limesukumwa mbele, na juu ya nyusi paji la uso lina uvimbe laini kama andazi. Kidole kikazama. Bwana Ndolo aliwahi kunielezea uvimbe huo. Alikuwa ameuona mara mbili katika maisha yake. Maana yake usaha umetoboa mfupa, na kama umetoboa mbele, huenda umetoboa na nyuma.

Aliniita mwalimu. Kisha akajirekebisha, akasema daktari. Nilimdunga sindano, nikamfungia maji. Alinong'ona jambo moja, kwamba alimwambia baba siku ya kwanza. Alikuwa anataka nijue kwamba maneno yangu aliyafuata.

Barasa alikuwa na mkokoteni wa kupelekea vitanda kwa wateja. Tuliuwekea godoro, tukamlaza, yeye akavuta na mimi nikashika chupa ya maji juu na mkono mwingine begani kwa msichana. Barabara ya vumbi ilikuwa imejaa vipande vya vioo na tulizunguka kila kimoja, maana kila mtikiso ulimfanya alie, na baadaye aliacha kulia, jambo lililonitisha zaidi. Kwenye kizuizi hawakuwa tena vijana wa asubuhi. Mmoja alimuuliza Barasa jina lake.  Barasa alishika mikono ya mkokoteni akatazama chini, kama ng'ombe aliyefungwa nira. Nikamuuliza yule kijana kama anataka kuona tunachobeba, nikaifunua leso. Alitazama. Wenzake wakaja wakatazama pia.  Wawili waliinama wakaanza kusukuma mawe kando, wakatusaidia kuinua gurudumu lipite.

Ngong Road tulingoja kando ya barabara mpaka gari la wagonjwa lililokuwa likikusanya majeruhi likatuona. Nilipanda naye, Barasa akapanda. Mkokoteni ulibaki pale.

Pale hospitalini walifanya kila linalofanywa. Walimpeleka chumba cha upasuaji siku hiyohiyo, wakati korido zimejaa majeruhi wa mapanga na risasi, na daktari aliyempasua aliniambia alitoa usaha nyuma ya jicho na juu ya ubongo. Nasimiyu hakuamka. Alikufa siku ya tatu, mchana, baba yake akiwa ameshika mguu wake kwa sababu mikono na kichwa vilikuwa na mirija. Mimi nilikuwa nimerudi Makina kufungua kliniki. Nilipata habari kwa simu, nikamaliza foleni. Sikumbuki mgonjwa hata mmoja wa siku hiyo.

Mwili ulikaa mochari wiki nyingi, maana njia ya kwenda magharibi, kwao Bungoma, haikupitika. Nilipoweza kusafiri nilikwenda Machakos kwa Bwana Ndolo. Alikuwa amezeeka, haoni vizuri. Nilimweleza tangu mwanzo, na alinisikiliza kama anavyosikiliza historia ya mgonjwa, bila kunikatiza. Alitaka kujua mambo mawili tu: kama siku ya kwanza msichana alikuwa na homa, na kama nilimwambia habari ya jicho. Nikasema homa hakuwa nayo, na nilimwambia. Alimaliza chai yake. Kisha akasema kwamba yeye pia angemrudisha nyumbani. Nilikuwa nimesafiri mwendo wote huo kusikia sentensi hiyo, na niliposikia haikunisaidia.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza Barasa alipokuja kliniki. Viongozi wa pande mbili walikuwa wamekwisha kupeana mikono, na Makina watu walikuwa wakipigilia mabati mapya juu ya kuta nyeusi. Alikuwa amekonda. Nilidhani amekuja na pua yake, nikamwelekeza kiti. Hakukaa.

"Sikuja kutibiwa," alisema. "Nataka unieleze vile ilianza. Kule nyumbani kila mtu ako na yake. Mama yake anasema kuna mtu alimwangalia vibaya. Ndugu yangu anasema ni vumbi ya mbao. Mimi pia nafikiria ni vumbi. Alikuwa anasomea pale karakana, juu ya maranda."

Nilifunga mlango. Nje kulikuwa na foleni, ikangoja. Nilichukua karatasi nikachora uso wa mtu kutoka mbele. Nikamchorea vishimo vilivyomo ndani ya mifupa: viwili kwenye mashavu, vidogo vingi kati ya macho, viwili kwenye paji. Nikamwambia kila mtu anavyo, hata yeye, na vina hewa tu. Ndani vimetandikwa ngozi nyembamba yenye unyevu, na unyevu huo hutiririka kila siku kuingia puani kupitia vijitundu vyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Mtu akipata mafua, ngozi ile inavimba. Vijitundu vinaziba. Unyevu unabaki ndani kama maji ya mtaro ulioziba, na wadudu wanaoishi puani siku zote bila kumdhuru mtu wanapata mahali pa kuzaliana. Hapo ndipo usaha unapoanza. Kwa wengi kijitundu kinafunguka chenyewe na mambo yanaisha. Kwa wachache hakifunguki. Na kwa mtoto wa umri ule, shimo la paji bado linakua, na mishipa ya damu inapita moja kwa moja kutoka hapo kwenda kwenye jicho na kwenye ubongo. Nilimchorea na mishipa.

Aliuliza vumbi liko wapi kwenye picha. Nikamwambia vumbi linaweza kuichosha pua, ndiyo maana pua yake yeye inaziba kila kiangazi, lakini wavulana na wasichana wasiojua hata harufu ya mbao wanapatwa na hili, na watoto wa mafundi wengi hawapatwi. Mtoto wake alishikwa na mafua ya Krismasi ambayo nusu ya Nairobi ilikuwa nayo. Sikuweza kumwambia kwa nini yeye. Hakuna anayejua.

Alikaa sasa. Alishika karatasi kwa mikono yote miwili.

"Kama ningemfikisha siku ile ya kwanza," alisema.

Katika kazi yetu mtajifunza namna nyingi za kutojibu. Nilizijua zote. Nilimtazama, nikafikiri juu ya ule ua wa kanisa na ile ndoo ya maji, nikaona kwamba nikimdanganya yeye nitakuwa nimejidanganya na mimi.

"Siku ya kwanza angepona," nikasema. "Ya pili, nafikiri angepona. Hata ile siku uliyonipigia, nikafika katikati nikarudi, pengine. Hilo ni langu, Barasa, si lako."

Hakusema kwamba amenisamehe, na sikumwomba. Alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayepima ubao kwa macho. Mvua ilipiga mabati mpaka tusiweze kusikilizana, tukangoja ipungue.

Ilipopungua aliniomba karatasi ile aende nayo. Alitaka kumwonyesha mkewe, aache kumtazama jirani yake vibaya. Akaomba niandike chini ya picha, kwa Kiswahili rahisi, kwa sababu mama yake Nasimiyu anasoma polepole. Niliandika kwa herufi kubwa, mwandiko unaosomeka: Nasimiyu, miaka kumi na mitano. Alipata mafua, yakapona, yakarudi na usaha. Alijua dalili akasema. Baba yake alimpeleka. Barabara ilifungwa siku nne.

Barasa alisoma mara mbili, kidole kikifuata maneno. Kisha akanirudishia, akaniuliza kama kuna nafasi ya kuongeza kwamba alikuwa wa pili darasani.

Nikaongeza.